Krismasi Inapokutana na Maji Kupwa: Mikasa ya Sikukuu Visiwani Lamu

Mikasa inayowapata wakazi wa Lamu na wageni wao katika msimu wa Krismasi, ile ya kuchekesha na ile ya kukera, huhesabiwa na wengi kuwa bahati mbaya tu, ilhali ikichunguzwa kwa makini huonekana kuwa sehemu yake kubwa ina chanzo kimoja kinachoeleweka. Krismasi hufuata kalenda ya jua, ambayo huiweka sikukuu hiyo tarehe 25 Desemba kila mwaka bila kusogea, lakini maisha ya visiwani humo, kuanzia saa ya chombo kung'oa nanga hadi msimu wa mikahawa kufunga milango yake mchana, huendeshwa na mwezi na upepo. Mtu aliyepanga safari yake kwa tarehe peke yake hujikuta amefika mahali ambapo nahodha huuliza kwanza hali ya maji, na ndipo mikasa yenyewe huanza.

Funguvisiwa la Lamu, yaani kundi la visiwa vilivyokaribiana katika ncha ya kaskazini ya pwani ya Kenya, lina visiwa vya Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu pamoja na vingine vidogo vidogo, na baina yake na bara kuna milango ya bahari, yaani njia za maji, ambayo baadhi yake ni myembamba na yenye kina kidogo. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, uko Amu, lakini uwanja wa ndege uko Manda, na mabasi yatokayo Mombasa huishia Mokowe, ambako ni bara. Hivyo hakuna mgeni anayefika Lamu bila kupanda chombo cha majini, awe ametoka Nairobi kwa ndege au ametoka Mombasa kwa barabara yenye urefu wa zaidi ya kilomita 300. Jambo hili linajulikana kwa kila mtoto wa Amu, lakini kila Desemba wapo wasafiri wanaoteremka Manda wakiwa wamevaa viatu vya ngozi na kubeba keki ya tabaka tatu, wakatafuta teksi ya kuwapeleka hotelini, na wakaoneshwa boti inayosukwasukwa na mawimbi kando ya gati.

Ni vyema pia kueleza ni nani hasa wanaosherehekea Krismasi katika eneo ambalo mji wake mkuu ni wa Kiislamu tangu karne nyingi zilizopita. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 143,920 katika Kaunti ya Lamu, na miongoni mwao wako Wakristo wengi wa upande wa bara, hasa Mpeketoni, mji uliokua kutokana na mpango wa serikali wa makazi ya Ziwa Kenyatta ulioanza katika miaka ya 1970, pamoja na Hindi na Witu. Visiwani wenyewe wako walimu, wauguzi, askari na watumishi wengine wa serikali waliotoka mikoa ya ndani, na tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipozinduliwa tarehe 20 Mei 2021 wameongezeka pia watu waliofuata kazi zinazoambatana na bandari hiyo. Desemba basi huleta misafara miwili inayopishana: watumishi wanaokimbilia makwao kula sikukuu na wazazi, na watalii wanaokuja mjini Amu na katika kijiji jirani cha Shela kupumzika. Misafara yote miwili hukutana Mokowe, kwenye gati moja, mara nyingi katika saa moja.

Ili kuelewa kinachotokea hapo na kwingineko, lazima kwanza bahari ieleweke. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili katika kila siku moja na ziada kidogo, kwa kuwa mwezi huyavuta, na kwa sababu mwezi nao huwa umesogea katika mzunguko wake, saa ya maji kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku inayofuata. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani unapoonekana wote mzima, mvuto wake huungana na ule wa jua na kuleta bamvua, ambayo ni hali ya maji kujaa sana na kupwa sana, kiasi kwamba tofauti baina ya juu na chini katika pwani ya Kenya hufikia takriban mita 3. Mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambapo maji hayajai sana wala hayapwi sana. Kwa pwani hii kuna kanuni ambayo mvuvi huijua bila kitabu: siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, ilhali siku za maji mafu mambo huwa karibu kinyume chake.

Kanuni hiyo ndiyo ufunguo wa mikasa mingi ya Krismasi. Familia iliyopanga kuvuka kwenda kisiwa cha Pate asubuhi ya sikukuu, baada ya chai na kabla ya jua kali, ikiwa siku hiyo ni ya bamvua huwa imejichagulia saa mbaya kuliko zote. Njia ya kawaida ya vyombo kutoka Amu kwenda Pate hupita Mkanda, mlango mwembamba baina ya Manda na bara uliozungukwa na mikoko, na vyombo vikubwa hushindwa kupita humo maji yakipwa. Chombo hukwama juu ya fungu, yaani tuta la mchanga lililo chini ya maji, mabaharia huchukua pondo na kusukuma, abiria wanaume huombwa washuke ili chombo kiwe chepesi, na waliovaa suruali mpya za sikukuu huzikunja hadi magotini na kuingia kwenye tope la mikoko ambalo halitoki nguoni kwa sabuni ya siku moja. Maji yakizidi kukimbia, hata kusukuma hakusaidii, na chombo huwa kimepwelewa, yaani kimeachwa na maji, na hakuna ufumbuzi ila kungoja saa kadhaa mpaka bahari irudi. Sufuria ya pilau iliyokusudiwa kuliwa Faza, mji wa kisiwani Pate, hufunuliwa pale pale chomboni, na mara nyingi husemekana baadaye kuwa ilikuwa tamu kuliko pilau yoyote.

Hata anayevuka Mkanda salama hajamaliza. Mji wa Siyu uko kwenye mkondo uliofunikwa na mikoko ambao hauingiliki maji yakiwa chini, na Faza vyombo vikubwa husimama mbali maji yakipwa, hivyo abiria huhamishiwa kwenye vidau vidogo au hutembea majini na mizigo kichwani. Mji wa Pate nao una shida hiyo hiyo, na ndiyo maana vyombo vingi huteremsha watu Mtangawanda, kutoka ambako kuna mwendo wa karibu saa moja kwa miguu kufika mjini. Mgeni aliyealikwa chakula cha mchana na rafiki yake wa Pate, na aliyedhani kwamba kufika kwenye gati ndiko kufika kwa mwenyeji, hufika mezani jua likiwa limeshapinduka.

Kuna safari nyingine inayopendwa sana na wageni katika wiki ya Krismasi, nayo ni ya Takwa. Huu ni mji wa magofu ulio kisiwani Manda, uliostawi baina ya karne ya 15 na ya 17 kisha ukahamwa, na una msikiti wenye nguzo na kaburi la mnara ambalo watu wa Shela, wanaohesabiwa kuwa na asili ya huko, wamekuwa wakilizuru kuomba dua ya mvua. Takwa hufikiwa kwa hori, yaani mkono mwembamba wa bahari unaoingia nchi kavu, na hori hilo hukauka maji yakipwa. Nahodha mwenye uzoefu huwapa wageni wake muda maalumu wa kukaa magofuni na huusisitiza, lakini wageni wa sikukuu hupenda kupiga picha, kuogelea, kula na kulala chini ya mbuyu, na wanaporejea kwenye mikoko hukuta mashua yao imelala ubavu juu ya matope huku kaa wakiizunguka. Watu waliowahi kungoja hapo hadi jioni hukumbuka mbu wa mikoko kuliko msikiti wenyewe, na hilo linasikitisha, kwa kuwa Takwa ni miongoni mwa magofu yanayostahili kukumbukwa kwa uzuri wake.

Njia ya miguu kutoka mjini Amu hadi Shela, ambayo ni kama kilomita 3 kando ya bahari, hufuata hesabu ile ile kwa upande wa pili. Siku ya bamvua, saa kumi alasiri, ambapo watu waliokula na kupumzika huamua kutembea kwenda ufukweni kupunga upepo, ndiyo saa ambayo maji hupanda na kufunika sehemu za njia hiyo. Watembezi huvua viatu, huinua watoto mabegani, hujibanza ukutani, na wale wasiotaka kulowa hurudi nyuma kutafuta boti. Krismasi ya mwaka 2015 ilikuwa mfano kamili wa mambo haya, kwani mwezi ulikuwa mpevu tarehe 25 Desemba yenyewe, jambo ambalo lilikuwa halijatokea tangu 1977 na halitarajiwi tena hadi 2034. Asubuhi ya siku hiyo maji yalikuwa chini kabisa kwa wenye safari za Pate na Takwa, na alasiri yalikuwa juu kabisa kwa watembezi wa Shela.

Si kila tukio la bahari katika wiki hiyo ni la kucheka. Tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Krismasi na siku ya mwezi mpevu vilevile, tetemeko la ardhi lililotokea alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki karibu na kisiwa cha Sumatra lilisababisha sunami, yaani mawimbi yanayosafiri baharini kwa kasi ya ndege baada ya sakafu ya bahari kusukumwa, na mawimbi hayo yakaifikia pwani ya Afrika Mashariki mchana wa siku hiyo. Kipimo cha maji cha Lamu kiliyarekodi. Kenya ilipata muda wa kuwaondoa watu ufukweni, na aliyepoteza maisha nchini alikuwa mtu mmoja, lakini katika pwani ya jirani ya Somalia walikufa karibu watu 300. Tukio hilo linafaa kutajwa katika makala ya mikasa ya sikukuu kwa sababu linaonesha kwamba mazoea ya watu wa visiwani ya kuitazama bahari kabla ya kuitazama saa ni elimu ya kulinda uhai, na hayastahili kudharauliwa na mgeni aliye na haraka.

Baada ya mwezi huja upepo. Kuanzia Desemba hadi Machi pwani hii huvumiwa na kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini-mashariki, na baada yake huja kusi, utokao kusini. Manahodha wa zamani walihesabu majira haya kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, mwaka mpya wa kale wa pwani, na kwa hesabu hiyo walijua ni lini majahazi ya Arabuni yangeanza kuteremka kuja kufanya biashara. Krismasi huangukia mwanzo wa kaskazi. Kwa chombo kinachotoka Amu kwenda Kiwayu, upande wa kaskazini-mashariki, upepo huo ni wa bisho, yaani unaokuja kutoka mbele, na jahazi la matanga hulazimika kwenda upande huu na upande ule badala ya kunyoosha njia. Wageni waliokodi jahazi kwa ajili ya Krismasi ya utulivu Kiwayu, wakaahidiwa kwamba watafika mchana, hufika usiku wakiwa wamelowa rasharasha za mawimbi, wametapika chai ya asubuhi, na barafu yao imekwisha kuyeyuka. Kurudi ni raha tupu, kwa kuwa upepo ule ule huwasukuma kutoka nyuma.

Mkasa mkubwa kuliko yote ya Krismasi uliowahi kuandikwa kuhusu bahari hii ulimpata baharia Mreno Vasco da Gama, na chanzo chake kilikuwa hicho hicho. Alipoondoka Malindi Aprili 1498 akiwa na rubani aliyezijua pepo, alivuka hadi India kwa siku zipatazo 23. Aliporudi hakungoja kaskazi ikamilike, bali aling'oa nanga mapema Oktoba 1498, na kwa sababu hiyo meli zake zilisukumwa huku na huko na pepo za bisho na shwari, yaani utulivu wa bahari usio na upepo, kwa karibu miezi mitatu. Krismasi ya mwaka huo iliwakuta katikati ya bahari, mabaharia wengi wakiwa na fizi zilizovimba kwa kiseyeye, maradhi yatokanayo na kukosa matunda na mboga, na watu wapatao 30 walikufa katika safari hiyo. Waliona pwani ya Mogadishu mwanzoni mwa Januari 1499, wakapita mbele ya Pate, ambako vyombo vya wenyeji viliwatokea na wao wakavifyatulia mizinga, kisha wakafika Malindi walikopewa machungwa. Nahodha yeyote wa Pate wa wakati huo angewaambia wangoje wiki chache.

Utegemezi wa vyombo vya baharini uliendelea hata wakati wa barua. Wajerumani walifungua ofisi ya posta mjini Lamu tarehe 22 Novemba 1888, wakati walipokuwa na himaya ya Witu, na waliifunga tarehe 31 Machi 1891, kwa hiyo ofisi hiyo iliona Krismasi tatu tu. Salamu za sikukuu zilizoandikwa hapo zilikaa zikingoja meli, na jengo lenyewe, ambalo sasa ni makumbusho, linaweza kuzuriwa na yeyote apitaye Njia Kuu ya mji.

Mwezi hurudi tena katika jambo lingine ambalo haliihusu bahari. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355, hivyo kila mwaka sikukuu zake husogea nyuma kwa takriban siku 11 zikilinganishwa na kalenda ya jua, na kila baada ya miaka kama 32 au 33 hukutana tena na Krismasi. Krismasi za 1998, 1999 na 2000 zote ziliangukia ndani ya Ramadhani. Katika mji ambao karibu wakazi wote hufunga, mikahawa haipiki mchana, na mgeni asiyejua hutembea kutoka Mkomani hadi Langoni, mitaa miwili mikuu ya mji, akitafuta chakula cha mchana cha Krismasi bila kuona hata sahani moja. Maudhi hayo yalikuwa na fidia yake, kwa sababu magharibi ikiingia mji wote ulifunguka, na barazani na vichochoroni kukawa na viazi karai, bajia, kaimati, mahamri, mkate wa sinia na mishkaki, na jirani Mkristo au mgeni mwenye njaa hakuachwa apite bila kukaribishwa futari. Kwa hesabu za kalenda, Krismasi za 2031 na 2032 zitakuwa tena ndani ya Ramadhani, na wenye nyumba za wageni wangefanya vyema kuwaeleza wateja wao mapema.

Mwaka 2015, ambao umekwisha kutajwa kwa ajili ya bamvua yake, ulikuwa na mkutano mwingine. Mwezi wa Mfungo Sita, ambao ndio Rabiul Awwal, mwezi wa kuzaliwa kwa Mtume Muhammad, ulianza katikati ya Desemba, na siku yenyewe ya Maulidi iliangukia karibu na mkesha wa Krismasi. Maulidi ya Lamu, yanayosimamiwa na Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, hufanyika kwa kawaida mwishoni mwa mwezi huo na huvuta mahujaji na wanafunzi kutoka Pwani yote na visiwa vya jirani, yakifuatana na mashindano ya punda, ya kuogelea na ya bao. Msimu huo basi huenda waliokuja kwa ajili ya Mwaka Mpya na waliokuja kwa ajili ya Maulidi waligombea vitanda vile vile, na si ajabu kwamba siku ya Maulidi na bamvua ya Krismasi zilikaribiana, kwani Maulidi ya tarehe 12 ya mwezi mwandamo na bamvua hutokana na mwezi huo huo mmoja.

Punda ni sura nyingine, na hawahitaji mwezi ili walete mikasa. Mji wa Kale hauna barabara za magari, vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili waliobeba mizigo hushindwa kupishana, na wanyama hao ndio wabebao mchanga, mawe, mitungi ya gesi na kreti za soda. Shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary lilifungua kliniki ya punda hapo mwaka 1987, nao hutibiwa bure. Wakiwa huru hula wanachokikuta, na mgeni aliyeacha mlangoni mboga za chakula cha sikukuu akaenda kuita hamali, yaani mchukuzi, hurudi na kukuta punda akimalizia sukuma wiki. Usiku umeme ukikatika hulala katikati ya njia, na anayerudi kutoka mkesha wa kanisani bila tochi humjua punda kwa kumkwaa. Mbuzi wa Krismasi, ambao huletwa kwa boti kutoka bara, nao huwa na vituko vyao: gati likiwa na utelezi wa mwani na maji yakiwa chini, kumpandisha mbuzi anayekataa ngazi ni kazi ya watu watatu, na umati wa watazamaji hutoa maagizo yasiyofuatwa na yeyote.

Mikasa hii yote huchekesha baadaye. Ipo ile isiyochekesha hata ikisimuliwa mwaka wa pili, na hiyo haikuletwa na mwezi wala upepo peke yake. Barabara ya Garsen hadi Lamu, ambayo imewekwa lami katika miaka ya karibuni baada ya kungojewa kwa muda mrefu, hupita kwenye bonde la mto Tana, na mvua kubwa za El Niño za mwishoni mwa 2023, kama zile za 1997, zilifanya mto uvunje kingo na maji yafunike barabara katika eneo la Gamba na Lango la Simba. Mabasi yalisimama, abiria walivushwa kwa mashua mahali ambapo palikuwa na lami, na bei za mboga na vyakula vitokavyo bara zilipanda visiwani. Kisha tarehe 10 Desemba mwaka huo huo umeme ulikatika karibu nchi nzima, mara ya tatu katika miezi michache, na katika visiwa ambavyo uchumi wake hutegemea samaki wa kuhifadhiwa kwenye barafu, kukatika kwa umeme ni hasara ya moja kwa moja kwa mvuvi. Ongeza hapo misafara ya mabasi kusindikizwa na polisi katika sehemu za barabara kwa sababu ya mashambulizi ya miaka iliyopita, na vizuizi vya kusafiri baharini usiku ambavyo mara nyingi huwafanya wenye basi la alfajiri walale Mokowe badala ya kwao, na itaonekana wazi kwamba mtumishi anayefika kwa wazazi wake siku ya pili ya sikukuu hakuwa mzembe. Mwaka 2020 hata ibada ya usiku wa manane haikuwezekana, kwani amri ya kutotoka nje kuanzia saa nne usiku, iliyowekwa kwa ajili ya korona, iliendelea kupita Krismasi.

Tofauti baina ya aina hizi mbili za mikasa ni muhimu, na huchanganywa mno. Bahari kupwa ni jambo la kawaida na la kutabirika; Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha kila mwaka majedwali ya maji kujaa na kupwa, na saa za Lamu hazitofautiani sana na zile za Kilindini, bandari ya Mombasa. Hakuna sababu ya majedwali hayo kutobandikwa katika ofisi za tikiti za mabasi, katika uwanja wa ndege wa Manda na katika kila nyumba ya wageni ya Shela kuanzia mwanzo wa Desemba. Barabara inayozama ni jambo la wahandisi na bajeti, na wakazi wa Lamu wana haki ya kudai madaraja na makalvati yanayotosha badala ya kuambiwa wavumilie kila mwaka wa mvua.

Kwa wanaopanga safari ya karibu, mwezi utakuwa mpevu tarehe 24 Desemba 2026, hivyo asubuhi ya Krismasi ya mwaka huo maji yatakuwa chini kabisa baina ya saa nne na saa tano, na yatajaa baina ya saa kumi na saa kumi na moja alasiri. Aliyealikwa Siyu, Faza au Pate siku hiyo na avuke mara tu kunapopambazuka au alale huko tangu mkesha, na amuulize nahodha saa ya maji kabla ya kulipia tikiti ya basi.